Tiketi za shoo kubwa: ulipie klabu ya mashabiki uwahi, au usubiri mauzo ya wazi? (Uzi wa Mwanza na kanda ya ziwa)

#1 Mwangaluka_Igoma

Wakuu, heshima kwenu.

Kila shoo kubwa ikitangazwa, iwe Kigali, Nairobi, Kampala au huko Uingereza, swali linalorudi humu ni lile lile: nijiunge na klabu ya mashabiki ya msanii niingie kwenye mauzo ya awali, au nisubiri mauzo ya wazi? Majibu huwa ya haraka mno. "Jiunge tu." Mtu anatoa hela ya uanachama kabla hajajua anachonunua, na kumbe kikwazo chake halisi ni kadi au saa. Tulijadili hapa kwa kina, hadi kwenye makato na dakika.

Kwanza, unacholipia kwenye uanachama ni haki ya kupanga foleni mapema. Tiketi yenyewe utailipia tena, kwa bei iliyoandikwa, na bado unaweza kuikosa. Hela ya uanachama kwa kawaida hairudi, hata ukitoka mikono mitupu.

Pili, mjue viti vinavyogawanywa. Promota hafungui ukumbi wote siku moja. Kuna fungu la msanii, ndilo linaloenda kwa klabu ya mashabiki. Kuna fungu la mdhamini, kwa wenye kadi ya benki fulani au laini ya mtandao fulani. Kuna fungu la ukumbi, fungu la waliojiandikisha baruapepe kwa promota, na viti vya wageni, wanahabari na watu wa msanii. Kinachobaki ndicho mauzo ya wazi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitoa ripoti mwaka 2016 kuhusu shoo zenye kugombaniwa zaidi kule, akakuta kwa wastani asilimia 16 ya tiketi zimewekwa pembeni kwa watu wa ndani, asilimia 38 zimeuzwa kwenye mauzo ya awali ya aina mbalimbali, na umma umeachiwa asilimia 46. Anayesubiri mauzo ya wazi ya shoo ya namna hiyo anagombania chini ya nusu ya ukumbi, na anagombania na watu wengi zaidi.

Lakini hizo ni hesabu za New York, kwa wasanii ambao ukumbi wao unajaa mara kumi. Huwezi kuzichukua ukazibandika kwenye kila shoo ya Afrika Mashariki. Kabla hujatoa hela, pima mambo matatu: ukumbi ni mkubwa kiasi gani ukilinganisha na wanaomtaka msanii, ana usiku mmoja au kadhaa, na je, kuna mauzo ya awali ya bure unayoweza kujiandikisha? BK Arena ya Kigali inachukua watu 10,000. Msanii wa dunia akipanga usiku mmoja tu pale, kama Kendrick Lamar Desemba 2023 au John Legend Februari 2025, kuwahi kuna maana. Msanii akiwa na siku tatu kwenye uwanja wa mpira, subiri.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jiandikishe kila mauzo ya awali ya bure, na usilipie uanachama kwa ajili ya shoo moja ila pale ambapo mauzo ya wazi yanaweza yasiwepo kabisa.

---

#2 Dada_Kirumba

Asante kaka. Naomba ufafanue moja, maana linachanganya wengi: mauzo ya awali bei si inakuwa ya chini?

---

#3 Mwangaluka_Igoma

Hapana, dada. Ni vitu viwili, ila huku kwetu vimepewa jina moja.

Bei ya mapema ni ile ya shoo za hapa nyumbani: promota anakata bei kwa watakaonunua kabla ya tarehe fulani, kisha anapandisha, na getini inapanda tena. Yeyote ananunua. Faida yako ni shilingi.

Mauzo ya awali ya klabu ni ya watu maalumu wenye msimbo, yaani namba ya siri ya kukuruhusu kununua, na bei kwa kawaida ni ile ile ya mauzo ya wazi. Faida yako ni kuchagua kiti kabla ya wengine. Mara nyingine unaishia kulipa zaidi, kwa sababu fungu la klabu limeegemea viti vya bei ya kati na juu, na viti vya bei ya chini vimeachwa kwa siku ya wazi. Hilo mtu wa bajeti ndogo alipime kwanza.

---

#4 Sangara_Mkavu

Niongezee upande wa hapa Mwanza, maana wengi wa humu wananunua tiketi za Kirumba kuliko za London.

Kwa tamasha la uwanjani, CCM Kirumba kwa mfano, tiketi ya kawaida ni nadra kuisha. Uwanja ni mkubwa. Kinachoisha ni meza za VIP na VVIP, kwa sababu zinahesabika. Ukitaka kusimama na watu, cha kuamua ni tofauti ya bei tu. Ukitaka meza ya watu sita au kumi, wahi wiki ya kwanza na uulize mambo mawili kwa maandishi: meza ipo safu ya ngapi, na hela ile inajumuisha vinywaji au ni viti vitupu. Meza "ya mbele" ambayo haina namba kwenye risiti itasogezwa nyuma siku ile ile, na hutakuwa na cha kuonyesha.

Hatari ya kununua mapema hapa kwetu ni shoo kuahirishwa. Shoo za wazi za ufukweni kati ya Oktoba na Desemba zinaangukia kwenye vuli, na masika yanashika Machi hadi Mei. Soma tiketi inasema nini kuhusu kuahirishwa: itatumika tarehe mpya, au hela inarudi? Isiposema lolote, weka hela ambayo huihitaji kesho. Pia angalia kama promota ana kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kama tangazo limetaja ukumbi kwa jina. Bango linalosema "ukumbi utatangazwa" halistahili shilingi yako.

Na bei iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kutozwa kwa fedha za kigeni. Meza ya dola katikati ya Mwanza isikubalike.

---

#5 FundiFoleni

Nashika upande wa foleni ya mtandaoni, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza tiketi wakiwa na kila kitu mkononi.

Mifumo mingi mikubwa ina chumba cha kusubiri kinachofunguliwa kabla ya mauzo. Wote walioingia humo kabla ya saa ya kuanza wanachanganywa, kila mmoja anapewa namba kwa bahati nasibu. Aliyeingia dakika 30 kabla na aliyeingia dakika 3 kabla wana nafasi sawa. Anayeingia baada ya mauzo kuanza ndiye anayewekwa nyuma ya wote. Kwa hiyo usiamke usiku kukaa kwenye ukurasa, ila usichelewe hata dakika moja. Dakika 15 kabla inatosha.

Ukiwa ndani usipakie ukurasa upya. Ile namba ya watu walio mbele yako haishuki taratibu kama maji ya mtungi. Inakaa palepale, halafu inaruka: ilikuwa 9,400, dakika nne haijasogea, mara 7,100. Watu wanaona imesimama, wanadhani mtandao umekufa, wanafunga, na namba yao imekwenda. Ukiona ukurasa wenyewe unasema ulisasishwa sekunde chache zilizopita, upo hai. Acha.

Usifungue madirisha matano kwa akaunti moja. Mfumo unaweza kukuona kama roboti ya kununulia ukakutoa, na wana sababu: ripoti ile ile aliyoitaja mkuu hapo juu inaeleza dalali mmoja aliyenunua tiketi 1,012 za shoo ya bendi ya U2 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ndani ya dakika moja, Desemba 2014. Sheria ya Marekani ya kupiga marufuku roboti hizo ilikuja 2016. Akaunti moja, kifaa kimoja. Kama mko wawili mnaosaka tiketi, kila mmoja na akaunti yake na simu yake.

VPN, ile programu ya kuficha ulipo mtandaoni, izime. Waifai ya hoteli au ya ofisi usiitumie, kwa sababu watu wengi wakitoka kwenye anwani moja ya intaneti mfumo unawatilia shaka wote. Tumia bando la simu, na laini ya mtandao wa pili iwe na bando tayari. Umeme wa hapa mnaujua, chaji simu usiku.

---

#6 Kijana_wa_Bukoba

Mkuu FundiFoleni, kwenye mauzo ya awali foleni si inakuwa haina shida, kwa kuwa watu ni wachache?

---

#7 FundiFoleni

Inategemea misimbo mingapi imetolewa. Mfano unaojulikana ni ziara ya Eras ya Taylor Swift. Watu milioni 3.5 walijiandikisha kama mashabiki waliothibitishwa, kama milioni 1.5 wakapewa misimbo, wengine wakawekwa akiba. Tarehe 15 Novemba 2022 tovuti ikapokea maombi bilioni 3.5, kwa sababu wasio na misimbo na roboti nao walifika mlangoni. Zikauzwa tiketi zaidi ya milioni mbili siku moja. Mauzo ya wazi yalikuwa yafanyike tarehe 18, yakafutwa tarehe 17.

Hapo kuna mafunzo mawili yanayovutana. Msimbo haukumwokoa kila mtu na foleni. Lakini asiye na msimbo hakupata hata foleni.

---

#8 Mwangaluka_Igoma

Na ndiyo maana nikasema "pale ambapo mauzo ya wazi yanaweza yasiwepo". Ila angalieni: usajili ule wa Eras ulikuwa wa bure. Watu wanachanganya usajili wa shabiki, ambao ni jina na baruapepe tu, na uanachama wa kulipia. Cha bure kisikupite. Kwa kawaida dirisha lake hufungwa siku kadhaa kabla ya mauzo, na hapo ndipo watu wa kwetu wanakwama: wanasikia habari za shoo siku ya mauzo, dirisha la usajili limefungwa wiki iliyopita.

---

#9 Dada_Kirumba

Kwa mashabiki wa vikundi vya Korea hesabu ni nyingine, naomba niseme. Kule uanachama wa kulipia ndio mlango wenyewe, na una mtego ambao unaumiza watu kila ziara.

Kulipa uanachama hakukuingizi kwenye mauzo ya awali moja kwa moja. Kuna hatua ya pili: kujiandikisha kwa ajili ya ziara ile, mara nyingi mji kwa mji, ndani ya siku chache walizotaja. Ukiikosa, uanachama wako upo na huna msimbo. Tatu, uanachama una aina kulingana na eneo, na wa eneo moja unaweza usikubalike kwenye mauzo ya eneo jingine. Soma tangazo la ziara, uone wametaja aina ipi. Nne, baruapepe ya akaunti ya klabu na ya akaunti ya kununulia tiketi ziwe moja. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukijisajili kwa jina la utani, mlangoni unaweza kuulizwa kitambulisho.

Kwa hiyo kaka, shabiki wa kudumu ambaye uanachama anautumia mwaka mzima asikatazwe. Analipia vitu vingi, tiketi ni kimoja kati ya hivyo.

---

#10 Mwangaluka_Igoma

Nakubali dada, hoja yako ina uzito. Ninayemzungumzia mimi ni anayelipia uanachama leo kwa ajili ya shoo ya mwezi ujao kisha basi. Huyo afanye hesabu hii.

Tuseme uanachama ni sh 60,000 na tiketi ni sh 200,000. Ukinunua moja, tiketi imekugharimu 260,000. Msimbo ukiruhusu nne na mko wanne mliochangia uanachama wa mtu mmoja, kila mtu kaongeza 15,000 tu. Hapo uanachama umekuwa nafuu. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni msimbo mmoja unanunua tiketi ngapi. Klabu nyingine ni mbili, nyingine nne.

Mkichangia, kubalianeni kabla kuhusu simu. Tiketi zote nne zitakaa kwenye akaunti ya mwenye uanachama. Kama tiketi haziruhusiwi kuhamishwa, wote wanne mnaingia pamoja naye. Akichelewa, mmechelewa wote.

---

#11 Mama_Nyakato

Wanangu, mmeongea vizuri lakini mmeruka malipo, na kwa mtu wa Mwanza malipo ndiyo yanayomwangusha. Foleni ameshinda, kiti amechagua, kadi inakataa. Nitaandika kirefu.

Anzeni siku tatu kabla. Kadi ya benki nyingi inakuja ikiwa imefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Ifungue kwenye programu ya benki au nenda tawini, na uulize kiwango cha juu cha manunuzi kwa siku. Kadi yenye kikomo cha chini kuliko tiketi mbili itakataa zote mbili, haitakubali moja. Kwa asiye na kadi ya benki, kampuni za simu zina kadi za mtandaoni za Visa au Mastercard zinazotengenezwa kwenye menyu ya pesa ya simu. Zinafaa, ila soma kikomo chake na tarehe ya kuisha.

Weka hela zaidi ya bei. Bei unayoiona mwanzo mara nyingi haijajumlisha ada ya huduma, na benki inabadilisha fedha kwa kiwango chake, si kile unachokiona kwenye Google. Ongeza kama asilimia 15 hadi 20. Ikipungua hata shilingi mia tano, malipo yanakataliwa yote.

Jaribu kadi kwa kitu kidogo kabla ya siku yenyewe. Bora zaidi ihifadhi kwenye akaunti yako ya tovuti ya tiketi mapema, pamoja na anwani. Fomu itataka postikodi. Tanzania tunazo, ni tarakimu tano, na za Mwanza zinaanza na 33. Tafuta ya kata yako uiandike. Watu wanajaza sifuri tano, benki inaona anwani ya mashaka, inakataa.

Halafu meseji ya namba ya uthibitisho. Inakuja kwenye laini uliyoiandikisha benki, siyo unayoitumia leo. Kama umebadilisha namba, rekebisha tawini kabla. Simu iwe mezani na laini hiyo iwe na mtandao. Kiti kikishaingia kikapuni saa inahesabu dakika chache tu, na haisimami ukisubiri meseji.

Usibonyeze kulipa mara mbili. Ukurasa ukizunguka, subiri. Ukibonyeza tena, benki inaweza kushikilia hela mara mbili, na ile ya pili itarudi baada ya siku kadhaa. Siku hizo huna hela na huna tiketi ya pili. Ndiyo sababu nashauri kadi mbili tofauti, kila moja na hela kamili.

Kwa shoo za hapa na Dar zinazolipwa kwa simu, ombi la kuweka PIN likija lijibu haraka, linaisha muda. Lisipokuja, usirudie ombi mara nne. Piga menyu, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, lipa kwa namba ya malipo iliyopo kwenye ukurasa. Kabla ya PIN jina linaonekana kwenye simu. Jina liwe la kampuni inayouza tiketi. Likitokea jina la mtu binafsi, ghairi.

---

#12 Kijana_wa_Bukoba

Shikamoo mama. Hii ya postikodi peke yake imelipa uzi mzima.

---

#13 Musoma_Mjini

Niongezee saa, kwa kuwa nayo inakosesha watu.

Matangazo yanaandika saa ya mji wa shoo. Ukiona 9:00 usisome "saa tisa". Ni saa tatu asubuhi ya huko. Kisha ongeza tofauti. Kigali na Johannesburg wako nyuma yetu saa moja mwaka mzima: mauzo ya 10:00 kule ni saa 5 asubuhi Mwanza. Nairobi na Kampala ni saa yetu. London ina tabu kidogo, kwa sababu wanabadilisha saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu saa mbili, miezi mingine saa tatu. Mauzo ya 9:00 London mwezi Julai ni saa 5 asubuhi kwetu. Mauzo hayo hayo Novemba ni saa 6 mchana.

Na mauzo ya awali ya mashabiki, ya mdhamini na ya ukumbi mara nyingi ni siku tofauti za wiki moja. Andika zote kwenye kalenda kwa saa yetu.

---

#14 Sangara_Mkavu

Kuna jambo moja la bei. Watu wanaogopa mauzo ya wazi kwa sababu ya mauzo ya bendi ya Oasis kule Uingereza, Agosti 2024, kwamba kompyuta ilikuwa inapandisha bei watu wakiwa kwenye foleni. Kwa hiyo wanasema bora mauzo ya awali, bei haibadiliki.

---

#15 FundiFoleni

Hilo lirekebishwe, mkuu. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza. Haikukuta kompyuta inayopandisha bei papo kwa papo. Ilichokuta ni kwamba tiketi za kusimama ziliwekwa kwa bei mbili, za chini zikauzwa kwanza zikaisha, zikafunguliwa za juu, na watu kwenye foleni hawakuambiwa kuwa kuna bei mbili. Walitarajia karibu pauni 150, wakakuta zaidi ya 350. Pia kulikuwa na tiketi zilizoitwa "platinum" kwa karibu mara mbili na nusu ya bei, bila nyongeza yoyote. Septemba 2025 Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, ilikubali kuwaambia mashabiki saa 24 kabla kama kutakuwa na madaraja ya bei kwa tiketi za aina moja.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: madaraja yanaweza kuwepo popote, hata kwenye mauzo ya awali. Andika kwenye karatasi bei ya juu kabisa unayoikubali, pamoja na ada, iweke kando ya simu. Ikizidi, toka. Kwenye dakika zile chache za kikapu kichwa hakifanyi hesabu vizuri.

---

#16 Mwangaluka_Igoma

Na ukitoka hujamaliza nafasi zako. Viti vinarudi mara tatu. Dakika 10 hadi 30 baada ya mauzo kuanza, vikapu vya waliokataliwa kadi vinafunguka. Kwa hiyo ukiona "zimeisha" usifunge haraka. Kisha siku za kati mafungu ya wadhamini yasiyonunuliwa yanarudishwa. Na mwisho, wiki ya shoo yenyewe: jukwaa likishajengwa, mafundi wanajua spika na kamera zinaziba wapi, viti vilivyoshikiliwa kwa tahadhari vinaachiliwa. Hivyo vya mwisho mara nyingi ni vizuri, na vinauzwa kimyakimya, bila tangazo.

Kwa shoo ya Kigali mtu wa Mwanza anaweza kuvisubiri. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, basi halisubiri kivuko. Unapita Geita, Lusahunga, Benako, unavuka Rusumo. Panga siku nzima ya barabara, ufike jana yake, na pasipoti iwe mkononi kabla ya tiketi. Kwa shoo ya Uingereza hakuna kusubiri wiki ya mwisho, visa haikungoji. Huko ama unapata kwenye mauzo ya awali au ya wazi, ama unaacha.

---

#17 Dada_Kirumba

Na walanguzi? Kuna makundi ya WhatsApp yanajiita "klabu ya mashabiki Mwanza", unatuma 20,000 unapewa msimbo.

---

#18 FundiFoleni

Usitume. Msimbo wa kweli unatoka kwenye akaunti yako mwenyewe ya klabu au kwenye baruapepe ya muuzaji wa tiketi. Mingi inafanya kazi mara moja, na inafungwa na akaunti iliyopewa. Anayekuuzia msimbo ameshauuza kwa wengine hamsini. Klabu ya kweli unaifikia kupitia tovuti ya msanii mwenyewe, siyo kupitia kiungo kilichotumwa kwenye kundi.

Skrinishoti ya tiketi nayo ikatae. Tiketi nyingi za sasa alama yake inabadilika kila sekunde chache ndani ya programu, picha iliyosimama haisomeki getini. Na ile isiyobadilika, ya shoo za kwetu, inasomwa mara moja: anayetangulia kuingia ndiye mwenye tiketi. Ukinunua kwa mtu, aihamishe ndani ya mfumo ije kwenye akaunti yako, ndipo ulipe. Kama mfumo hauna kuhamisha, achana nayo.

---

#19 Kijana_wa_Bukoba

Swali la mwisho kwa mama Nyakato. Kadi ya mtandaoni ya simu, nikishapata tiketi naweza kuifuta?

---

#20 Mama_Nyakato

Usiifute, mwanangu, mpaka shoo iishe. Shoo ikifutwa hela inarudishwa kwenye kadi ile ile iliyolipa, na kadi ikiwa imekufa itakubidi ufuatilie kwa kampuni ya simu wiki na wiki. Kumbuka pia kinachorudi kwa kawaida ni bei ya tiketi, ada ya huduma mara nyingi wanabaki nayo. Hifadhi baruapepe ya uthibitisho na tarakimu nne za mwisho za kadi, maana baadhi ya kumbi zinaziuliza dirishani ukipata shida ya tiketi.